Alama ya Mama Vifungo

Jirani wa mlango wa pili, ambaye mtaa mzima humwita Redio kwa kuwa hazimiki, alisema bango la Mama Vifungo limefanyiwa kitu. Kwa maelezo yake, dada mkubwa wa Mama Vifungo alipita asubuhi, akalikazia macho, na papo hapo ua lililochorwa likavunjika vipande.

"Nimeona kwa macho yangu haya," alisema Redio, akitia chumvi kila mlango alioufikia. "Dada kamwonea kijicho!"

Mama Vifungo alitoka nje, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Kweli, ua lilikuwa na kingo za ngazi ngazi, kama ukuta wa matofali uliobomoka. Alikuwa ameshona dukani kwa dada yake tangu usichana. Sasa alikuwa na chumba chake na cherehani yake. Lakini kila gauni alilouza, watu walisema, "Ah, hiyo kazi ya dada yako." Alitaka alama yake mwenyewe, watu wamjue.

Siku hiyo alikutana na dada yake njiani. Akampita bila salamu.

Jioni alikwenda kwa wifi yake, ambaye kazi yake ni kuchora kadi na mabango kwa kompyuta.

"Fundi wa mabango ulimpa nini?" wifi aliuliza.

"Nilidarizi ua kwenye kitambaa, nikalipiga picha kwa simu."

"Picha kubwa?"

"Ndogo tu. Kama kifungo cha koti."

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe kiboko! Hivi akija mteja mnene, unachukua gauni la mtoto unalivuta mpaka limwenee?"

"Si litachanika! Nakata upya, kwa pateni ya vipimo vyake."

"Basi gauni la mtoto ndilo ulilolivuta. Picha ya simu ni vinukta vingi vilivyopangwa. Ukiikuza, vinukta navyo vinakua, vinaonekana. Hakuna kijicho hapo, wifi."

Mama Vifungo alikumbuka alivyompita dada yake njiani bila salamu. Akainamisha kichwa.

"Ungeniuliza mapema," alisema wifi.

"Ungenicheka."

"Na sasa si nimekucheka? Haya, kaa hapa."

Wifi alifungua programu ya kuchora kwa mistari. "Mchoro wa humu unaitwa vekta. Kompyuta inakumbuka mstari unaanzia wapi, unapinda vipi, unaishia wapi. Hiyo ndiyo pateni yako. Ukitaka udogo wa lebo au ukubwa wa ukuta, inachora upya, na kingo zinabaki laini."

Mama Vifungo aliweka nukta moja, kisha nyingine. Akavuta mstari ili upinde.

"Hilo petali la ua au sikio la mbuzi?"

"Niache, nami najifunza!"

Alirudia mpaka likakaa sawa. Wifi akamwonyesha kulinakili na kulizungusha, asichore kila moja. Katikati Mama Vifungo akaweka kifungo chenye matundu mawili. Halafu akataka lesi, na rangi zote za upinde wa mvua.

"Punguza," alisema wifi. "Jaribu mchoro kwa rangi nyeusi tupu, ukiwa mdogo kama lebo. Kama haueleweki, bado."

Lesi ikaondoka. Rangi zikabaki mbili. Wifi akamwambia atunze faili la asili, na fundi wa mabango apewe hilo, si picha yake.

Siku nyingine walirudi kwenye kompyuta kuutia mchoro mwendo. Walichora sindano na uzi, kila kimoja kwenye safu yake, yaani tabaka lake, kiende peke yake. Waliweka alama pale sindano inapoanzia na pale inapoishia, programu ikajaza mwendo wa katikati. Sindano ikapita tundu la kifungo, ikavuta uzi, ikatulia.

"Isirukeruke," wifi alisema. "Mtu apate nafasi ya kuisoma."

Bango jipya likapanda, laini kama limepigwa pasi. Video ya sindano ikatembea simu hadi simu. Wageni wakaanza kuulizia, "Yule fundi wa kifungo yuko wapi?"

Ndipo siku moja dada yake Mama Vifungo akaingia chumba cha kushonea.

"Shikamoo, dada. Nisamehe kwa siku ile."

"Marahaba. Yameisha." Dada alikaa, akanyoosha kanga magotini. "Mdogo wangu, wateja wangu wananiuliza mbona sina alama ile. Mimi ndiye niliyekushikisha sindano. Naomba na mimi niiweke juu ya mlango wangu."

Mama Vifungo aliondoa mguu kwenye pedeli. Cherehani ikanyamaza. Alama aliyoitafuta ili watu wamjue yeye, sasa aliyemfundisha kazi anaiomba; dada alikuwa bado anamtazama, akisubiri jibu.