Aliyewaitikia Vimulimuli

Jambo hili lilimpata shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, na nilikuwepo. Sikumpenda huyo bwana. Naliweka wazi mapema, msije mkadhani namlilia.

Jumamosi hiyo nilikuwa kibandani kwangu nikibadilisha betri ya saa ya ukutani. Mimi ni fundi saa. Shemeji akaingia bila hodi, miwani juu ya paji la uso. Yeye ni mhadhiri wa mambo ya wadudu. Mtu mzima na ndevu zake, analipwa kuhesabu mende, halafu saa yake mwenyewe inachelewa dakika kumi na moja na hana habari.

"Shem, leo usiku njoo unishikie saa," akasema. "Nahesabu vimulimuli. Nikimaliza hesabu hii, uprofesa wangu huo."

"Chukua wanafunzi wako."

"Wanasinzia."

Ningekataa. Ila mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, akanipigia simu akinong'ona: "Kaka, nenda naye. Huyo akizama kwenye tope, mtoto nitamlea na nani?" Nikaenda kwa ajili yake tu.

Mahali penyewe ni bonde chepechepe kando ya kijito, majani ya kufika magotini, maji yanabubujika chini ya buti. Jua lilikuwa linazama. Tulimkuta mama mmoja akifunga mzigo wa majani ya ng'ombe wake. Shemeji akamweleza kazi yake kwa maneno marefu, utadhani mama wa watu ameomba somo. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Hesabuni tu," akasema. "Ila msiwaitikie."

Akajitwika mzigo wake akaenda zake. Shemeji akacheka. "Ushamba huo," akaniambia. Na mimi nikacheka. Kwa dharau tulilingana, hata kama hatukupendana.

Maana kuitikia ndiyo kazi yenyewe. Dume huwaka akiruka. Jike aliyetulia majanini humjibu baada ya sekunde mbili. Shemeji alikuwa na tochi ndogo, kioo chake amekifunika plastiki ya kijani. Anajifanya jike, madume wanakuja, anawahesabu. Usomi wote ule, mwisho wake ni kutongozwa na wadudu.

Giza lilipoingia wakaanza. Kumi, hamsini, mia. Walipendeza, sikatai. Mimi nikahesabu sekunde, yeye akabonyeza tochi, wakamjia mpaka mikononi.

Halafu ng'ambo ya kijito ikawaka taa moja. Ilikuwa kimo cha uso wa mtu.

"Dume kubwa," shemeji akanong'ona.

"Hilo haliruki, shem. Limesimama."

"Wewe angalia saa."

Akabonyeza. Taa ikawaka tena, sasa upande wetu wa kijito. Sikusikia mtu akivuka maji. Akabonyeza. Ikasogea hatua tano. Vimulimuli wengine wote walikuwa wamezima. Vyura wamenyamaza.

"Acha," nikamwambia.

Taa ikawaka. Moja. Mbili. Kidole chake hakikubonyeza kitu, nilikiona. Tochi ikawaka yenyewe.

Akaitupa majanini. Taa ikawaka mbele ya uso wake kabisa. Moja. Mbili.

Kitu kikajibu ndani ya mdomo wake.

Nilimkamata ukosi nikamburuta hadi barabarani. Asubuhi alikunywa chai na kunicheka kwamba nilikimbia mdudu. Mwezi uliofuata uprofesa akapata, akazidi kuringa. Nikaanza kujiambia kwamba macho yangu yalinidanganya.

Jioni moja nikapanda kwao, ghorofa ya tatu, kumpelekea mdogo wangu saa yake niliyoitengeneza. Tumbo lilikuwa limefika mwisho. Tukiwa tumekaa, umeme ukakatika.

"Fundi, usitukimbie," shemeji akasema, akafungua mdomo kucheka.

Ndani ya mdomo pakawaka kijani, pakazima. Nikahesabu bila kutaka. Ni kazi yangu. Moja. Mbili.

Chini ya gauni la mdogo wangu, tumboni, kijitaa kikajibu.

Yeye hakukiona. Alikuwa ameinama akipapasa droo, akitafuta kiberiti. "Kaka, mbona umenyamaza?"

Nikamwambia nimeacha jiko likiwaka nyumbani. Uongo wa kitoto, ndio nilioupata. Nikashuka ngazi mbilimbili, nikamwacha gizani na hao wawili. Miaka sita nilimdharau shemeji, na kule bondeni yeye hakukimbia. Aliyekimbia ni mimi, mara mbili.

Mtoto amezaliwa Jumanne. Sijaenda kumwona. Mdogo wangu hunipigia simu akisema ni mtulivu ajabu, usiku halii kabisa. Kinachomsumbua ni dirisha la chumba cha mtoto. Kila asubuhi anafuta tope bichi na vipande vya majani kwenye kioo, upande wa nje, na pale hakuna hata mahali pa kukanyaga.

Ananiuliza, kaka, tope hili linatoka wapi. Namjibu sijui.