Bibi Harusi Katika Theluji

Jua lilikuwa linazama Musyoki alipokuwa akimalizia kanda ya harusi ya Kinondo, dukani kwake Ukunda. Wenyewe waliitaka kesho yake asubuhi.

Ilibaki ile kazi iliyompa jina kutoka Diani hadi Msambweni: kumgandisha bibi harusi kwenye picha, kisha kubadilisha mandhari nyuma yake. Esha, bibi harusi wa Kinondo, alirekodiwa mbele ya kitambaa cha buluu. Musyoki alikiondoa kitambaa kwa mashine, akaweka maporomoko ya maji. Akaweka bustani ya waridi. Sasa alikuwa ameweka mlima wa theluji. Kwenye televisheni, bibi harusi hakutikisika. Kichwa juu, macho wazi, mkono wa kulia umeinuliwa nusu.

Mlango ukasukumwa.

Aliingia Twaiba, mamake bibi harusi, akimkokota msichana aliyefunikwa buibui.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alimkalisha msichana kitini, akamfunua uso.

Esha.

Kichwa juu. Macho wazi. Mkono wa kulia umeinuliwa nusu.

"Yuko hivi tangu alasiri," Twaiba alinong'ona. "Kwanza alilowa maji, chapachapa, ndani ya nyumba kavu. Kisha akanuka waridi. Sasa mguse."

Musyoki alimgusa shavu. Akauondoa mkono upesi. Baridi... baridi ya barafu ya kuwekea samaki.

"Mama, hii ni picha tu. Juzi nimemweka mwalimu mmoja juu ya mwezi, na leo nimemkuta sokoni akibishania bei ya sukuma."

"Mwalimu wako ana pepo?"

Musyoki alimtazama Esha tena.

"Huyu ana pepo wa kichwani tangu utotoni. Siku ya harusi alikuja kudai haki yake. Yatazame hayo macho. Ulidhani ni urembo, siyo?"

Ndivyo alivyodhani. Katika kanda nzima alichagua pale macho yalipong'aa zaidi.

"Hapo ndipo pepo alipokuwa akipanda. Nawe ukamgandisha njiani. Kupanda hawezi, kushuka hawezi. Nifungulie mwanangu, baba. Nakuomba kwa Mwenyezi Mungu."

Musyoki alibonyeza kitufe cha kuendeleza kanda.

Kitini, mkono wa Esha ukashuka. Alivuta pumzi ndefu, akamgeukia mamake, akatabasamu.

"Mama, twende nyumbani."

Twaiba alilia. Akaishika mikono ya mwanawe aibusu.

Machozi yakakatika.

Viganja vilikuwa vitupu. Hina aliyompaka kwa mkono wake mwenyewe haikuwepo. Hata alama.

Tk... tk... tk...

Si mlangoni. Musyoki aliigeukia televisheni. Kanda ilikuwa inazunguka, lakini theluji ilibaki palepale. Bibi harusi alikuwa amesogea hadi kwenye kioo. Alikigonga kwa viganja vyekundu vya hina. Midomo yake ilitamka neno moja, bila sauti, tena na tena.

Mama.

"Usiizime," Twaiba alinong'ona.

"Mwache azime," akasema yule wa kitini kwa upole, akamkamata mamake mkono. "Usiku unaingia. Twende."

Nje, watu walipiga yowe lile la kila jioni: stima imepotea, nyumba za upande wa pili wa barabara ziko gizani.

Taa ya dukani ikafifia. Ikarudi.

Ikafifia tena.