Simu ya Sifuna kwa Mamake

Jumamosi adhuhuri, barabara ya Luthuli jijini Nairobi haikuwa na pa kukanyaga. Kila duka lilikuwa limetoa spika mlangoni na kila spika ilikuwa na wimbo wake, hata wauzaji na wateja wakawa wanapigiana kelele masikioni. Katikati ya vurumai hiyo alisimama Ivyne Naliaka, rinda la kitenge cha manjano, raba nyeupe, nywele zimesukwa mistari midogo hadi kisogoni, akigeuzageuza hedifoni nyeusi mkononi.

"Hizi ni orijino, sista," muuzaji alimhakikishia.

"Orijino gani imeandikwa jina na makosa? Punguza pei, nataka za kazi."

Mwanamume aliyekuwa kando yake akichagua chaja aliangua kicheko. Alivaa suti ya kijivu na shati jeupe, na tai alikuwa ameikunja akaichomeka mfukoni.

"Unacheka nini?" Naliaka alimgeukia, tayari kwa vita.

"Hiyo 'pei.' Imetoka Chwele, kwa Wabukusu, bila kusimama njiani."

"Na wewe umetoka wapi? Ulaya?"

"Kimilili. Naitwa Lenox Sifuna. Nikikasirika hata mimi naita biskuti 'piskuti'."

Naliaka alijaribu kununa, akashindwa. Mwishowe muuzaji aliwapunguzia bei wote wawili akidhani ni mtu na mkewe, na hakuna aliyejisumbua kumrekebisha.

Kuanzia hapo mapenzi yao yalikaa zaidi kwenye simu. Naliaka alikuwa amepanga chumba Mutuini, katika ploti mpya iliyopakana na shamba la mahindi. Sifuna aliishi mtaa wa Jamhuri. Jumapili baada ya kanisa walikutana, wakatembea taratibu kando ya ua wa uwanja wa maonyesho, wakila mahindi ya kuchoma na kutaniana. Siku nyingine zote, ilikuwa simu.

"Mheshimiwa, umekula?"

"Nimekunywa chai ya ofisi. Ilikuwa baridi kama moyo wako."

"Moyo wangu uko moto. Ni netwaki ya kwenu iko chini."

"Basi sema unanipenda, tuone kama itafika."

"Nakupenda."

"Imekatika katikati. Rudia."

"Sifuna, sirudii!" Lakini alirudia, kwa sauti ya chini, huku akijicheka mwenyewe kwenye kioo.

Sifuna alikuwa ofisa katika wizara moja mjini, kwenye kikosi kilichokuwa kikitayarisha mkataba wa biashara na taifa moja la ng'ambo. Katika kila hotuba taifa hilo liliitwa rafiki wa jadi. Lakini mkataba huo ulikuwa umeanza kumkosesha usingizi.

"Kuna mtu anatuuza," alimwambia Naliaka Jumapili moja, mahindi yakipoa mkononi. "Tukiingia mkutano, hao marafiki wetu wanajua bei ya chini kabisa tunaweza kukubali kwa chai yetu. Hata hatujafungua mdomo! Mkubwa wangu, Bwana Were, ameanza kutuangalia mmoja mmoja. Na ile bei ni mimi niliipiga hesabu. Unafikiri ataanza na nani?"

"Na wewe hujaambia mtu?"

"Nimwambie nani? Labda mamangu, na huyo nikimwambia nimechoka na mambo ya chai, ananiuliza kama nimekunywa."

Walicheka, ingawa Sifuna hakucheka kwa muda mrefu.

Kazi ya Naliaka ilikuwa mtaa wa Karen, katika nyumba kubwa iliyozungukwa na ua wa michongoma, isiyo na kibao mlangoni. Ilijiita kampuni ya lugha. Ndani walikaa vijana waliosoma vizuri, kila mmoja na lugha ya kwao, wakisikiliza vipande vya sauti, wakiviandika na kuvitafsiri kwa Kiingereza. Naliaka alishika Kibukusu. Waliambiwa sauti hizo ni za watu waliojitolea, ili mashine zifundishwe kutafsiri lugha za Kenya. Naliaka alijivunia. Aliona kama Kibukusu cha nyanya yake kimealikwa mezani na wakubwa. Siku aliyomsikia mzee mmoja akilia kwa sababu ya ng'ombe aliyekufa, aliuliza, akaambiwa ni mwigizaji. Akaamini.

Jumatano asubuhi alivaa hedifoni zake, akabonyeza kipande kipya. Juu yake paliandikwa maagizo: andika kwa ukamilifu kila mahali anapotaja kazi, chai au mkubwa wake.

"Mayi, uliamkaje?" sauti iliuliza kwa Kibukusu.

Naliaka alikirudisha kipande nyuma, akasikiliza tena. Ilikuwa sauti ya Sifuna.

Kwenye simu hiyo mama aliulizia hali ya hewa ya Nairobi, akalalamikia goti lake. Sifuna akasema amechoka, mambo ya chai yanamsumbua, Were hamwamini tena, ofisini wanamwita msaliti. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa kama ya mtoto anayetaka kuomba kitu.

"Mayi, nimepata mtu. Anaitwa Naliaka. Desemba nikija nyumbani nitamleta umwone. Nataka kumuoa."

Mama alipiga kigelegele hadi Naliaka akashtuka. "Ni wa ukoo gani? Umeuliza ukoo? Usije ukaniletea dada yako!"

"Nimeuliza, mayi. Hatuna undugu. Lakini usimwambie mtu, bado sijamuuliza mwenyewe."

Naliaka alivua hedifoni. Hasira ilimpanda kama maziwa jikoni. Neno hilo la ndoa lilikuwa lake. Lilikuwa limeandaliwa apewe yeye, siku yake, na mtu wake. Sasa lilikuwa faili kwenye kompyuta ya mgeni, na yeye mwenyewe alitakiwa kulipiga chapa.

Aliingia kwa msimamizi, Debra, mwanamke mtanashati wa blauzi ya hariri, bila kubisha hodi.

"Huyu mtu alijitolea sauti yake lini?"

Debra alitazama namba ya kipande, kisha akafunga mlango. "Naliaka, fanya kazi yako."

"Nauliza, lini? Anaongea na mamake! Hii ni simu. Tunasikiliza simu za watu!"

"Ulisaini kiapo cha siri. Ukikivunja unaenda jela, na mimi sitakutetea. Wanaohitaji hii kazi ni marafiki wa nchi yetu."

"Rafiki gani anasimama nyuma ya mlango wako akisikiliza ukiongea na mama yako?"

"Punguza sauti."

"Kwa nini? Kuna mtu anasikiliza?"

Aliuchukua mkoba wake, akaondoka, hakurudi tena katika nyumba hiyo.

Hakuthubutu kupiga simu. Alishuka mjini, akamngoja Sifuna nje ya ofisi yao jioni, watu wakimiminika kuelekea steji ya matatu. Sifuna alipomwona aling'aa.

"Malaika wa Mutuini! Leo umenipenda mpaka umenifuata?"

"Zima simu, uiache kwa askari wa mlangoni."

"Unataka kuniteka nyara?"

"Sifuna, tafadhali."

Aliiacha, bado anatabasamu. Walisimama chini ya mti wa jakaranda kando ya barabara, Naliaka akamwambia yote: nyumba ya Karen, maagizo kuhusu chai, sauti yake. Tabasamu la Sifuna lilififia polepole mpaka likaisha kabisa.

"Kwa hivyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi nimekuja kukuambia."

"Miezi yote hii naitwa msaliti, na kumbe anayewaandikia nakula naye mahindi! Luthuli ulitumwa na nani?"

"Luthuli? Sifuna, nilitumwa na hedifoni! Sikujua. Kipande chako ni hiki kimoja nimesikia."

"Kimoja kipi?"

Naliaka alitazama chini. "Ulikuwa unaongea na mayi."

Sifuna alielewa. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. "Ulisikia yote?"

"Yote."

"Basi sina kitu cha kukuambia tena," alisema, akarudi kuchukua simu yake. Naliaka alibaki chini ya jakaranda, watu wakimpiga vikumbo.

Asubuhi iliyofuata Sifuna alikwenda kwa Bwana Were, akamwambia kwamba kikosi hakina msaliti, kuna simu zinazosikilizwa. Alitarajia mzee huyo aruke kitini. Were alivua miwani, akaipangusa.

"Kijana, hilo lifunike."

"Nifunike? Wanatuibia mezani, mzee!"

"Hao ndio waliotuletea mitambo tunayosikilizia jirani zetu hapo mpakani. Na mitambo ya kusikilizia watu wetu pia, ukitaka kujua. Sasa tukawaulize kwa nini wanatusikiliza? Kwa mdomo upi?"

"Kwa hivyo ulijua. Ulijua, na ukaniacha niitwe msaliti."

"Ilibidi mtu aitwe," Were alisema, akavaa miwani.

Sifuna alitoka, akaubamiza mlango. Kufikia jioni alikuwa amepewa likizo ya lazima, na jina lililombaki kichwani lilikuwa la Naliaka. Mwanamke huyo alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, na hakunyamaza. Lakini aibu ilimzuia kumtafuta.

Naliaka, kwa upande wake, hakungoja kutafutwa. Alikwenda kwa mwandishi wa gazeti moja, mwanamke mkimya aitwaye Nyakio, akamweleza kila kitu.

"Nikuite jina la bandia?" Nyakio aliuliza.

"Hapana. Wao ndio wamejificha. Mimi niandike jina langu lote."

Nyakio aliwatafuta wengine waliowahi kufanya kazi katika nyumba ile, nao wakathibitisha. Habari ilipotoka, mji ulichemka. Msemaji wa serikali alisema marafiki hawapelelezani. Ubalozi ulisema hauna la kusema. Waandishi walipofika Karen walikuta geti wazi na vyumba vitupu, hata kiti kimoja hakikubaki. Kisha wapelelezi wakamwita mtu mmoja tu aje kuandikisha taarifa, na mtu huyo alikuwa Naliaka.

Siku moja kabla ya kwenda, simu yake iliita. Sifuna.

"Usikate," alisema. "Na usiseme kitu. Leo siongei na wewe. Naongea na huyo mwingine."

"Nani?"

"Huyo anayesikiliza. Wewe! Uko hapo, najua. Andika vizuri, na kama hujui Kibukusu leo nimekuonea huruma, naongea Kiswahili. Huna haya? Huna mama? Goti la mamangu lina siri gani ya taifa? Ulitaka bei ya chai, umeshaipata. Wakulima wetu watauza kwa hasara miaka mingi, wewe ukijiita rafiki. Lakini pia ulichukua neno nililomwekea mwanamke wangu. Hilo lilikusaidia nini? Na huyu mwanamke unamsikia anapumua hapa? Nilimtukana kwa ajili yako. Nilimwacha chini ya mti kama mwizi, yeye peke yake ndiye aliyesema ukweli katika mji mzima. Nimekosa. Andika hapo, kwa herufi kubwa: Sifuna amekosa."

Naliaka alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Umemaliza?"

"Sijamaliza. Huyo mtu ni piskuti!"

"Hilo watashindwa kutafsiri," Naliaka alisema.

Kesho yake aliingia kwa wapelelezi akiwa amevaa suti ya buluu ya kuazima na kilemba chekundu. Walimhoji mpaka alasiri. Hawakuuliza hata mara moja nani alikodi nyumba ya Karen, wala rekodi zilikwenda nchi gani. Waliuliza tu kwa nini alivunja kiapo. Alipotoka alikuwa ameambiwa atashtakiwa, peke yake, na asitoke nje ya nchi.

Sifuna alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, bila tai, macho mekundu. Alivuka magari yakimpigia honi.

"Wamesema nini?"

"Kwamba mhalifu amepatikana. Ni mimi."

"Wakili nimemuona asubuhi. Na ukipanda kizimbani nitapanda kama shahidi wako, hata wakinifuta kazi. Hawa watu hawana aibu, Naliaka. Hawana hata chembe!"

"Hawana," alisema. Alikuwa amechoka, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Simu yako iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Yangu wameichukua." Alimshika kola ya koti kwa mikono miwili, pale pale mbele ya askari na wapita njia. "Basi nisikilize. Wewe ulimwambia mayi. Mimi sijaambia mtu, hata mamangu hajui. Sifuna, nataka unioe. Unanioa ama hunioi?"

Sifuna aliishika mikono yake iliyokuwa kolani. Askari wa getini alikohoa.

"Nakuoa," Sifuna alisema. "Nakuoa, na kesi yako pia nimeioa."

"Sema kwa sauti. Nimefanya kazi ya kunong'onezwa vya kutosha."

Akasema kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu chake akapiga kigelegele bila kujua hata wanaitwa nani.