Mke wa Fundi

Enzi hizo kompyuta ilikuwa kitu cha kubebwa kwa mikono miwili, na ikiugua uliipeleka mwenyewe kwa fundi, ukae pembeni usubiri majibu kwa wasiwasi. Ndivyo mpigapicha alivyojikuta mchana mmoja kwenye ujia wa ghorofa la vifaa vya umeme, gauni lake la kijani limechafuka vumbi kifuani, mashine imemlemea, watu wanampiga vikumbo kila upande. Kikumbo cha mwisho kilikuwa kikali. Mashine ikamponyoka, ikadakwa kabla ya kugusa sakafu.

"Pole, dada. Mgonjwa huyu anakwenda kwa nani?" aliuliza aliyeidaka, mwanamume mrefu mwenye shati la mistari, mikono kaikunja, bisibisi inachungulia mfukoni.

"Kwa fundi yeyote atakayeniambia ukweli."

"Basi umepotea njia, humu sote waongo. Ila mimi naongopa kidogo."

Mpigapicha akacheka bila kutaka, akamfuata. Kibanda kilikuwa chembamba, kimejaa nyaya na feni na mashine zilizoachwa wazi matumbo. Fundi akaiwasha. Ikalia pi, pi, pi, skrini giza tupu.

"Imekufa?" aliuliza mpigapicha. Humo mlikuwa na harusi za watu, nyingine bado hajawakabidhi wenyewe.

"Haijafa, imenuna." Akaifungua, akachomoa kipande cha ramu, ile kumbukumbu ya mashine, akatoa kifutio cha penseli na kuyasugua meno yake ya shaba polepole. Alipokirudisha, skrini ikawaka.

"Kifutio?"

"Kifutio. Usimwambie mtu, nitakosa wateja."

"Na mimi nilikuwa nataka kununua mpya!"

"Ya nini? Bodi yako nzima kabisa. Ongeza ramu, weka diski ile isiyozunguka, itakimbia mpaka uikimbize. Cha kutupa ni hii pawasaplai inayogawa umeme." Akampa mbili, yake na nyingine ya dukani, moja kila mkono. "Nzito ipi?"

"Hii."

"Hiyo ndiyo yenye kitu ndani. Hiyo nyepesi ni bati na ahadi."

Mpigapicha alirudi wiki iliyofuata kuuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo. Halafu akarudi tena. Fundi naye akaanza kupiga simu.

"Halo, Bi Picha. Mgonjwa hajambo?"

"Mashine haijambo. Mwenyewe ndiye taabani."

"Anaumwa nini?"

"Ana njaa, na hana wa kula naye."

"Asiguse kijiko. Nakuja."

Mapenzi ya siku zile yalikuwa na kazi ndani yake, na mimi nayapendea hilo. Picha zilipofurika, fundi alichukua kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja, akamjengea sava ya nyumbani, ghala la picha zake zote, chini ya meza ya chakula. Yeye alilala chali sakafuni akipitisha waya. Mpigapicha alimshikia tochi na kumpiga picha kwa siri, jasho puani, bisibisi mdomoni.

"Nimekuwekea diski mbili, pacha," alisema fundi. "Moja ikizima, nyingine inashika."

"Na zikizima zote?"

"Ndiyo maana nakala ya tatu itakaa kwangu. Jioni ukimaliza kazi, picha zitakuja zenyewe kwa mtandao."

"Wateja wote unawaahidi hivyo?"

"Wateja nawaambia wakae na bakapu. Ya kukaa kwangu ni yako tu, mpenzi."

Neno hilo alikuwa hajawahi kulisema. Tochi ikageukia ukutani, waya ukaingia tundu lisilo lake.

Fundi alimfundisha pia kufungua ukurasa wa sava na kuangalia afya ya diski. Angejua, asingemfundisha. Jioni moja mpigapicha aliufungua, akasoma majina ya mashine zilizounganishwa. La kwanza lilikuwa STUDIO, mashine yake. La pili lilikuwa MKE-WANGU.

Akasogeza kiti, akasoma tena. MKE-WANGU alikuwa ndani, anazivuta picha moja baada ya nyingine, pamoja na zile za siri za fundi chini ya meza. Kumbe hiyo ndiyo "kwangu" ya fundi! Kumbe ndiyo maana hajawahi kumkaribisha nyumbani, kila siku ni "chumba changu hakina lolote"! Kina mke, tena mwenye kompyuta yake, na sasa amekaa anamtazama mumewe kwa jicho la mwanamke mwingine.

Kuuliza kulikuwa suala la sentensi moja. Lakini mwanamke huyu aliyethubutu kuwaamrisha mabibi harusi na wakwe zao wasimame wapi, sentensi hiyo hakuwa nayo. Aliung'oa waya wa mtandao, akalia mpaka gauni likalowa.

Fundi alipiga simu. Haikupokelewa. Akatuma ujumbe: "Bi Picha, sava yako siioni. Umeizima?"

"Muulize mkeo."

"Mke gani?"

Akaona anafanywa mjinga. Akaizuia namba. Fundi alikuja mlangoni, akagonga, akaita kwa sauti ya chini. Mpigapicha alisimama upande wa pili, kiganja kwenye mbao, hakufungua. Alimpenda vibaya sana, na ndilo lililomwumiza.

Halafu diski moja ikaanza kutoa sauti, ka, ka, ka, kama mtu anayegonga kucha mezani. Asubuhi ilikuwa kimya. Ikabaki pacha mmoja, na nakala iliyo salama ilikuwa kwa yule mke. Akavaa gauni jekundu, akapaka wanja, akajitazama kwenye kioo. Ikibidi kukutana na mke wa mtu, asikutwe amechakaa.

Fundi alipomwona mlangoni pa kibanda akasimama ghafla, ramu zikamwagika.

"Nimefuata picha zangu," alisema mpigapicha. "Nitazichukua kwa mkeo mwenyewe. Yuko wapi?"

Upande wa pili wa ujia, mama mmoja muuza chaja aliacha kumhudumia mteja wake. "Mke? Huyu?" Akaangua kicheko. "Mwanangu, mke wake si huyo hapo nyuma!"

Nyuma ya fundi, juu ya stuli, palikuwa na mashine isiyo na kifuniko, imejengwa kwa mabaki ya mashine nyingine, feni ya mezani inaipepea. Kwenye skrini yake kulikuwa na neno moja: MKE-WANGU.

"Majirani hawa ndio waliompa jina," alisema fundi, uso chini. "Jioni kila mtu hapa anarudi kwake. Mimi nabaki na huyu. Mama huyu akawa anapita ananiambia, haya, msalimie mkeo. Nikaona bora nimwite hivyo mwenyewe, isiniume."

Mpigapicha alitaka kucheka, yakatoka machozi, wanja ukamshuka mpaka shavuni. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona jioni zote za mtu huyu.

"Badilisha hilo jina."

"Nikilibadilisha, sava yako haitamtambua. Nakala zitaanza upya, tangu picha ya kwanza."

"Zianze upya."

Fundi akavuta kibodi. "Tumwite nani?"

"Andika. W, I, F, I."

Akaandika, akakunja uso. "Waifai? Hii haina waifai, mpenzi, inatumia waya. Utanichanganyia mtandao mzima."

"Nani kasema waifai? Soma Kiswahili."

"Wifi," akasoma fundi.

"Eeh. Dada wa mume wangu."

Fundi aliitazama skrini, akamtazama yeye. "Lakini wewe huna mume."

"Sasa hapa nakwambia nini?"

Ujia mzima ulikuwa umesogea kusikiliza, hata mteja wa mama wa chaja. Fundi akabonyeza kitufe.

Siku hizi ghorofa lile linauza simu tupu, na hakuna anayefungua kitu, kikiharibika kinatupwa. Lakini mashine ile ya mabaki ilihamia nyumbani pamoja na fundi, na bado iko chini ya meza ya chakula, inanguruma, imebeba harusi zote na watoto wote. Watoto wenyewe hawaiiti kompyuta. Wakitaka picha za zamani wanapiga magoti kando ya meza na kusema, "Shangazi, tuonyeshe baba alipokuwa kijana."