Kidonge kwa Kila Mshtuko

Sindano alikuwa fundi cherehani katika kiwanda kidogo cha nguo. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake, na hakulichukia. Alichochukia ni kuondolewa kwenye cherehani.

"Kaa pale ushone vifungo," tajiri wake alimwambia. "Jana umeshonea mkono wa shati shingoni. Leo unayumba kama mlevi. Nikikuacha hapa utashona vidole vyako."

Sindano alikaa. Kila kifungo alikiona viwili. Hasira zilimpanda. Kazi ile aliipata kwa jasho, maana wengi walimkataa waliposikia ana kifafa. Sasa ilikuwa inamponyoka, na alimjua wa kulaumiwa. Ni mama yake mzazi.

Mama alimpenda bintiye, hilo halina ubishi. Lakini mapenzi gani hayo ya kumnyima mtu usingizi! Kila Sindano alipojilaza, mama alimfunga utepe kwenye kifundo cha mguu. Ncha ya pili aliifunga kwenye mkono wake mwenyewe. Sindano akianza tu kusinzia, mguu uliruka na utepe ukavuta. Hapo hapo mama alimwamsha.

"Kimeanza! Meza hiki."

"Mama, nimeota naanguka tu!"

"Meza, usinibishie."

Basi ikawa hivyo. Kila mshtuko, kidonge cha ziada.

Siku ile ya vifungo, uvumilivu ulimwisha Sindano. Aliomba ruhusa, akamchukua mama yake hadi kliniki. Foleni ilikuwa ndefu. Mama alikuwa hoi kwa kulinda utepe, akasinzia kwenye benchi. Ghafla mguu wake uliruka, ukampiga teke mzee aliyekaa mbele.

"We mama, nimekukosea nini?" mzee aling'aka.

"Nisamehe, baba. Nimeota nakanyaga shimo."

Sindano alisimama. "Haya! Na wewe nikupe kidonge?"

Watu waliangua kicheko. Sindano hakucheka hata kidogo.

Nesi alisikia, akawaita ndani. Alipoelezwa habari ya vidonge, alikunja uso.

"Nani alikuruhusu kuongeza dawa?"

"Anashtuka, nesi. Naogopa."

"Na wewe umeshtuka hapo nje. Una kifafa? Mtu akianza kusinzia, mwili unaweza kuruka mara moja. Ni kawaida. Humpata mwenye kifafa na asiye nacho. Uchovu na wasiwasi huzidisha, hata kahawa ya jioni. Huku kuyumba na kuona viwili viwili kunaweza kuletwa na dawa iliyozidi. Ungeweza kumuua mwanao!"

Mama alitokwa na machozi. "Sasa nitajuaje kama ni kifafa?"

"Hapo umeuliza la maana," nesi alisema, sauti ikashuka. "Mishtuko ikija mfululizo, tuambie. Ikimjia asubuhi akishaamka, akawa anadondosha vitu, tuambie. Ukimwita haitiki, au amejiuma ulimi, au amejikojolea, tuambie. Mrekodi kwa simu, daktari aone. Lakini dawa usiongeze, usipunguze, wala usikatishe bila daktari."

Daktari alimpima Sindano, akamwelekeza jinsi ya kurudi kwenye kipimo chake cha zamani cha dawa.

Walipofika nyumbani, Sindano alichukua mkasi akaukata utepe vipande vipande. "Kuanzia leo dawa zangu nazishika mwenyewe," alisema. Mama alinuna, lakini alimkabidhi. Mchana mmoja binti alijilaza, mguu ukaruka. Mama aliinuka, akakumbuka, akakaa tena. Sindano alilala fofofo.

Kizunguzungu kikaisha. Tajiri alimpa kitambaa chakavu ashone kwanza. Mshono ulinyooka, akamrudisha kwenye cherehani.

Mama hakutulia. Alikuja mpaka kiwandani, akasimama mlangoni mbele ya mafundi wote.

"Mwanangu, umekunywa dawa?"

"Nimekunywa, mama. Kipimo cha daktari." Sindano hakuinua kichwa, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Sasa sogea, unanizibia mwanga."