Mvua Iliyomlowesha Mwalimu Rudia

Kila asubuhi nyumba ya Mwalimu Rudia ilijaa sauti moja. Mkewe, msusi, alipanga vitana na nyuzi zake barazani. Mama mzee wa mwalimu alikaa kwenye kigoda akichambua maharage. Na binti yao aliongea. Aliongea akivaa viatu, akaongea akinywa chai, akaongea mpaka shuleni. Ndiyo maana walimwita Chiriku.

Jina la Rudia baba yake alipewa na wanafunzi. Alifundisha Kiingereza na historia darasa la nne, na amri yake ilikuwa moja tu: "Rudia!" Aliandika maneno ubaoni, watoto wakayaimba. Aliandika miaka ya vita na wafalme, wakaiimba vilevile. Wapita njia walisikia, wakasema, "Hapo pana mwalimu." Chiriku, aliyesoma darasa hilohilo, ndiye aliyeongoza mitihani. Baba akatembea kifua mbele.

Mvua za msimu zilipoanza, walipata wageni. Kaka wa msusi alikuja na mke wake, aliyemwoa ughaibuni. Mke huyo hakujua Kiswahili, alizungumza Kiingereza. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa kishindo. Mgeni akatazama dirishani, akatabasamu, akamwuliza Chiriku kwa Kiingereza kama anapenda mvua.

"Mjibu, mwanangu," alisema Mwalimu Rudia, akijiweka sawa kitini. "Usimwonee haya mke wa mjomba wako."

Chiriku alisimama wima. Akafunga mikono nyuma. Akaimba: "Rain is a noun! Rain, rains, rained!"

Mgeni alidhani hakusikika. Akauliza tena, polepole. Chiriku naye akaimba tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Mjomba akaangua kicheko. "Shemeji, huyu umemfundisha au umemrekodi?"

Mwalimu Rudia alihisi uso unawaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini ardhi haikupasuka, na hasira ikatafuta pa kutokea.

"Umeniaibisha!" alimfokea mtoto. "Wa kwanza darasani, na huwezi kujibu swali dogo namna hiyo? Umeniaibisha mbele za watu!"

Kicheko cha mjomba kikakatika. Mgeni hakuelewa maneno, ila alielewa sauti. Akainamisha macho. Chiriku alitoka taratibu, akaenda kujibanza karibu na bibi yake.

Asubuhi iliyofuata alikunywa chai kimya. Siku zilizofuata, kimya. Ukimwuliza, alitikisa kichwa au aliinua mabega.

"Baba Chiriku," alisema msusi, "mtoto amepakua ulichopika wewe. Chakula kikizidi chumvi, unaipiga sahani?"

Mwalimu Rudia aliinuka. Alivaa koti, akatoka.

Jirani yao alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Mama Chaki. Alimkuta akikinga maji ya mvua kwa ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana kama nguo iliyokamuliwa?"

Alitaka kusema ni uchovu. Lakini mficha uchi hazai. Akaeleza yote, macho yakiwa kwenye ndoo.

Mama Chaki hakumcheka. "Nikuulize. Ulipofundisha neno mvua, nje kulikuwa na nini?"

"Mvua."

"Watoto walikuwa wanatazama wapi?"

"Ubaoni," alijibu kwa sauti ndogo.

"Haya. Mvua ipo hapo nje, bure, wewe umewafanya waipe mgongo. Lugha inashika pale mtoto anapoona kitu, anapokigusa, kisha anakuwa na la kusema. Watoe barazani. Wakinge maji, wapime yamefika wapi, washike nguo iliyolowa na iliyo kavu. Kiangazi kikija, wafundishe vumbi na kivuli. Upepo ukija, watengeneze tiara wazirushe. Kila msimu una maneno yake."

"Na wakikosea?"

"Usiwarukie. Mtoto akikosea, wewe itamke sentensi yake vizuri, mwendelee kuongea. Masikio yake yatafanya kazi."

"Historia je, mama? Historia haina msimu."

"Nani kakwambia? Kila mwenye mvi ana mvua anayoikumbuka. Watoto waende wakaulize nyumbani. Kila kisa kiandikwe kwenye karatasi. Funga kamba ukutani. Visa vya zamani vikae mwanzo wa kamba, vya karibuni mwisho. Hapo wataona miaka inavyofuatana. Baada ya hapo ndipo uwaletee wafalme wako."

Kesho yake mvua ilinyesha tena. Mwalimu Rudia aliwapeleka wanafunzi barazani. Akawauliza kwa Kiingereza wanaona nini. Wote wakatazama viatu vyao.

"Semeni tu. Mbona mko kimya?"

Msichana mmoja mrefu akajikaza. "Mwalimu, tunaogopa. Tukikosea utasema tumekuaibisha."

Kumbe walijua. Alimtafuta Chiriku kwa macho. Alikuwa amejificha nyuma ya wenzake, ameshika mkanda wa mkoba kwa mikono miwili. Mwalimu Rudia alikuwa ameona aibu mbele ya wageni, lakini ile ilikuwa aibu ya kiburi. Hii ilimwingia mifupani.

Akachuchumaa ili awe kimo chao.

"Sikilizeni. Kuna mtoto nilimfokea kwa kosa langu mimi. Nilimpa maneno bila kumfundisha kuyatumia. Chiriku, nisamehe, mwanangu. Nanyi nyote nisameheni."

Hakuna aliyejua la kufanya. Mwalimu kuomba radhi? Hawakuwahi kuliona hilo. Naye, kwa kuona haya, akainuka haraka akachukua kopo ili alitege chini ya mfereji wa bati. Hakuangalia juu. Maji yote ya paa yakamshukia: kichwa, koti, mpaka soksi.

Sauti nyembamba ya mvulana mmoja ikasema, "Teacher wet!"

Ulimi wa Mwalimu Rudia ulitaka kusema "Rudia!" Akalimeza neno hilo. Akajipangusa uso, akasema, "Yes! I am wet." Akamgusa mtoto bega. "And you?"

"I am dry!"

Baraza likalipuka. Walishikana mashati, wakanyoosha mikono kwenye mvua, wakapiga kelele za "wet" na "dry" mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia kuona kuna nini. Chiriku hakusema neno. Lakini alinyoosha kidole kimoja kwenye maji, akakitazama.

Wiki ile watoto waliuliza nyumbani, na karatasi zikaanza kuning'inia kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Chiriku hakuleta karatasi. Alimleta bibi yake, amemshika mkono.

Bibi alisita mlangoni. "Mimi sikusoma, jamani. Nitasema nini humu?"

"Karibu, mama," alisema Mwalimu Rudia, akamvutia kiti.

Bibi akaeleza kwa Kiswahili. Ulikuwa mwaka wa mafuriko. Mto ulivunja kingo, maji yakaingia nyumbani, yakamfika kifuani. Alikuwa na mtoto mchanga. Alimlaza kwenye beseni la kufulia, akalisukuma mbele yake majini mpaka kwenye kilima.

"Mtoto alilia?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

"Alilala fofofo! Ndiye huyo hapo amesimama na chaki."

Darasa likacheka. Mwalimu Rudia hakucheka. "Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuniuliza, baba. Niliona una historia zako nyingi za ubaoni, nikasema yangu ni ndogo."

Aliinamisha kichwa. Miaka yote hiyo alikuwa amefundisha tarehe za watu asiowajua, na aliyembeba majini alikuwa nyumbani akichambua maharage.

Chiriku aliandika kwa muda mrefu. Kisha akampa baba yake karatasi. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba bibi alimbeba baba kwenye beseni, na kwamba maji yalikuwa "big". Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni. Mwalimu Rudia aliiacha humohumo.

"Maji yalifika wapi?" aliuliza. "Nionyeshe."

Chiriku akaweka kiganja kifuani kwa bibi.

"Aa! The water was deep."

"Deep," alisema Chiriku. Lilikuwa neno lake la kwanza darasani tangu siku ya wageni. Akachukua karatasi, akarekebisha mwenyewe. "Very deep, Baba. Very, very deep!"

Aliibana karatasi mwanzo kabisa wa kamba, akaisoma kwa Kiingereza, kisha akamgeukia bibi na kumwelezea neno kwa neno kwa Kiswahili.

Bibi alisogea karibu, akagusa maandishi kwa ncha ya kidole.

"Na jina langu liko wapi?"

"Hapa, bibi. Historia yetu inaanzia kwako."