Mwenye Duara

Anisia alikuwa akimalizia kibao cha saluni sokoni Nyasubi, dera lake la zambarau limejaa madoa, kijana mmoja aliporudi nyuma akakalia kopo la rangi.

"Dada, umenipaka!"

"Nimekupaka, au umejipaka?"

Kijana mwenyewe ni Telesphori, mchimbaji wa dhahabu, siku hiyo kavaa suruali yake nyeupe ya mapumziko. Walicheka mpaka wakapeana namba, na haikupita muda akawa anamwita malkia wangu. Anisia naye akamwonyesha picha aliyoichora nyumbani kwa raha yake: mwanamke ameketi kwenye mdomo wa duara, shimo la wachimbaji, kuanzia kiunoni ni chatu, amekumbatia dhahabu na kufumba macho.

Telesphori alisisimka mwili. Hata hivyo aliipiga picha kwa simu, akaiweka iwe picha ya kioo cha simu hiyo.

Hilo ndilo lililowaponza. Duarani mwanamke haruhusiwi kusogea; wachimbaji wanaamini akisogea dhahabu hukimbia. Dhahabu ilipokatika, wenzake wakaiona ile simu.

"Wamenifukuza, mpenzi," alipiga kumweleza. "Eti nimemshusha mwanamke duarani. Uichome picha, ndipo nirudi."

"Na wewe unatakaje?"

Telesphori akarudia habari ya kufukuzwa.

"Telesphori, nakuuliza wewe."

"Kule chini niliwasha simu, Anisia. Alikuwa amefumbua macho."

Anisia akakata simu, akalia kwa hasira. Mwanaume anayeogopa kazi ya mikono ya mpenzi wake, ataishi naye vipi? Kisha akaifunua ile picha. Macho yalikuwa wazi, na yeye hakuyagusa.

Wiki moja baadaye, mchana, Telesphori akabisha hodi, shati limenyooshwa kwa pasi.

"Umekuja kuichoma?"

"Walinipa kiberiti, nimewarudishia. Mali ni ya huyu mama wa pichani, sisi tunamfukuza mlangoni kwake! Sirudi kule. Nimekuja kuomba."

Akapiga goti mbele ya picha.

"Shikamoo, mama. Namuomba Anisia, nimuoe."

Anisia akajiziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yanamtiririka.

"Marahaba, mwanangu. Mchukue."

Telesphori akageuka, uso umejaa furaha.

"Asante kwa kumjibia, malkia wangu. Sauti umeiweza kweli!"

Anisia aliondoa viganja mdomoni taratibu. Alimpenda mno hata asiweze kumwambia kwamba si yeye aliyejibu; akampa mkono.